Nguzo za Wafugaji na Mpaka wa Mbung'o

Hadithi ya Katabi, ambaye wenyeji wamesimuliana tangu zama za mababu kwamba alikuwa mwindaji asiye na mfano, na kwamba baada ya mauti roho yake ilifanya maskani katika mkwaju kando ya ziwa, si ngeni kwa mtu aliyelelewa Mpanda. Na jina lake, lililobadilika kidogo katika vinywa vya watu na kalamu za makarani, limekuwa jina la ziwa lenyewe, na la hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2012 la mkoa mzima uliomegwa kutoka Rukwa. Watu wameendelea kuuendea mkwaju huo na sadaka zao, kumwomba mzimu baraka. Katika hadithi hiyo yote hamna jiwe: mtu mkubwa amekufa, na kumbukumbu yake imekabidhiwa mti.

Naanza na mti kwa makusudi, ilhali sura hii ni ya mawe. Msomaji wa Katavi apatapo habari za makaburi ya kale yaliyojengwa kwa majabali, na akafahamu kwamba baadhi ya makaburi hayo yamo katika Afrika ya Mashariki hii hii, mengine ndani ya mipaka ya Tanzania, atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini nchi yake, yenye mawe tele katika kingo za Mlele na Lyamba lya Mfipa, haikutajwa miongoni mwa nchi hizo. Jawabu lake si fupi, na wala halipatikani kwa kuchimba Katavi peke yake. Litapatikana kwanza kwa kuyajua makaburi yenyewe, na waliozikwa humo, na mali iliyowafanya wawe watu wa namna ile.

Makaburi ya mawe makubwa ya Zama Mpya za Mawe yaliandikwa sana kwanza huko Ulaya ya magharibi. Newgrange, katika bonde la mto Boyne nchini Ireland, lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, ni kilima cha mawe na udongo chenye upana wa mita 85 hivi, ambacho ndani yake imepita njia nyembamba ya mita 19 iendayo katika chumba cha maiti. Na Profesa Michael O'Kelly, aliyelichimba tangu mwaka 1962 hata 1975, alikaa gizani ndani ya chumba hicho alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1967 akashuhudia mwanga wa jua ukipenya kwa tundu lililo juu ya mlango mpaka ukafika kati. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walisadiki kwamba ujuzi wa kujenga namna hiyo ulitoka Mashariki, kwa Wamisri au kwa majirani zao, ukaenezwa na mabaharia. Dhana hiyo ilidumu mpaka hesabu ya kaboni 14, iliyobuniwa na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipodhihirisha kwamba makaburi ya Bretagne nchini Ufaransa yana umri uliozidi umri wa piramidi kwa miaka zaidi ya 1000. Mwanafunzi hawezi kumtangulia mwalimu wake kuzaliwa kwa miaka elfu, akawa bado ni mwanafunzi.

Ada hiyo ya kumtafuta mgeni mwenye akili nyuma ya kila jiwe lililosimamishwa na mwenyeji ilifika na huku kwetu. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya kuta, mashimo, mifereji na marundo ya mawe yaliyoonekana Kenya, akayakusanya yote pamoja, akayaita kazi ya ustaarabu mmoja, akaupa ustaarabu huo jina la Azania na kuutafutia asili yake kwa watu walioitwa Wahamiti. Leo twajua kwamba vitu alivyovitia katika kapu moja vimetengana kwa maelfu ya miaka: mashimo yaliyodhaniwa kuwa nyumba za umma uliopotea yamethibitika kuwa mazizi ya ng'ombe ya juzi juzi tu, na baadhi ya marundo ya mawe ni ya kale kuliko Kristo. Sina nia ya kumlaumu marehemu, maana alikuwa hana kipimo cha wakati. Lakini yafaa msomaji akumbuke jinsi jina zuri linavyoweza kukifunika kitu badala ya kukifunua.

Basi na twende Turkana, kwa kuwa huko ndiko yaliko makaburi yaliyo makubwa na ya kale kupita yote ya namna hii katika Afrika ya Mashariki. Ziwa hilo limelala kaskazini kabisa mwa Kenya katika nchi ya joto, vumbi na mawe meusi, na katika pande zake mbili, mashariki na magharibi, zimesimama nguzo za mawe katika mahali kadha wa kadha: Jarigole upande wa mashariki, na Kalokol, Manemanya na Lothagam upande wa magharibi. Nguzo zenyewe hazikuchongwa kwa patasi. Ni basalti, jiwe la volkano ambalo likipoa hupasuka lenyewe katika vipande virefu vyenye pande zilizonyooka, hata mtu akalikuta mlimani kama kwamba fundi amekwisha kulitengeneza. Kazi ya wajenzi ilikuwa kulichagua, kulibeba, na kulisimamisha.

Kaburi la Lothagam Kaskazini ndilo lililochunguzwa kwa makini kuliko mengine, na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook pamoja na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya kazi yao mwaka 2018. Mtu afikaye pale huona jukwaa la mawe la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi, nguzo zimesimama na nyingine zimelala upande mmoja, na pembeni duara za mawe na marundo madogo. Kwa macho tu angesema ni uwanja wa ibada, au alama ya mipaka, au mchezo wa mfalme aliyetaka kutajwa. Wachimbaji walipokwenda chini walikuta kwamba jukwaa lile ni kifuniko: kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, watu walifukua mchanga wa ufuo wa zamani mpaka wakaufikia mwamba, wakapata shimo pana ajabu, wakalizungushia mabamba ya mawe, kisha wakaanza kuzika humo, maiti baada ya maiti, kizazi baada ya kizazi. Shimo lilipojaa walilisawazisha, wakalitandazia mawe madogo ya basalti, na mwisho wa yote ndipo waliposimamisha nguzo. Hizi nguzo, basi, ambazo msafiri huziona kwanza, ndizo zilizokuja mwisho. Ni muhuri uliopigwa juu ya kazi iliyokwisha kudumu kwa karne nyingi.

Kazi hiyo ilianza yapata miaka 5000 iliyopita na ikaendelea kwa muda usiopungua miaka 450, na huenda ukafika 900. Idadi ya waliozikwa imekisiwa kuwa si chini ya watu 580. Nasema imekisiwa, na ni wajibu wangu kueleza namna ilivyokisiwa: wachimbaji hawakulifukua shimo zima, kwa kuwa mchimbaji mwenye adabu huwaachia waliomo kaburini sehemu kubwa ya kaburi lao na huwaachia wataalamu wa kesho nao udongo wa kuchunguza; bali walifukua sehemu ndogo, wakahesabu watu waliomo, wakapima ukubwa wa shimo lote kwa chombo kipelekacho mawimbi chini ya ardhi na kuyapokea yarudipo, kisha wakazidisha.

Walichokikuta katika sehemu hiyo ndogo ndicho kilichowastaajabisha. Walizikwa wanaume na wanawake, wazee na vijana, na watoto wachanga. Wala hapakuonekana pembe ya wakubwa na pembe ya wadogo, wala kaburi ndani ya kaburi. Takriban kila mtu alikuwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete na bangili za meno ya kiboko, vidani vya mawe ya rangi, ya kijani na ya waridi na ya buluu, ambayo mengine si ya kuokotwa popote. Mtu mmoja alizikwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani, nayo yalitoka katika panya wasiopungua 113. Panya 113! Hebu msomaji afikiri ni siku ngapi za kutega, na ni vidole vya subira ya namna gani vilivyoyapanga meno hayo, madogo kama punje, katika safu. Walakini hata mwenye pambo hilo hakutengwa na wenziwe; alilala miongoni mwao kama wengine.

Hapa ndipo penye fundisho lililowashughulisha wasomi. Ilikuwa desturi kuamini kwamba watu hawajengi jengo kubwa la kudumu ila wakiwa na mtawala wa kuwalazimisha, na ghala ya nafaka ya kuwalisha wajenzi, na mji wa kukaa; na kwa hiyo lionekanapo jengo kubwa, mtawala hutafutwa. Wajenzi wa Lothagam hawakuwa na mji. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, wa kwanza wanaojulikana katika bonde lile, na chakula chao walikichanganya na samaki wa ziwani. Nao walijenga katika wakati wa dhiki: mvua zilizoifanya Sahara kuwa malisho zilikuwa zinakoma, ziwa Turkana likishuka kwa makumi ya mita na kuuacha ufuo wake mbali, na malisho mapya yakijitokeza palipokuwa maji, ilhali hakuna aliyejua yatadumu kwa muda gani. Watu waliotawanyika huku na huku na mifugo yao, wasiojua kama mwaka ujao watakutana na nani katika kisima kipi, walihitaji mahali pasipohama. Mimi nayaafiki maelezo hayo ya wachimbaji, tena naona yana nguvu zaidi kwa mtu aliyewahi kuishi karibu na wafugaji, maana mfugaji ambaye hana nyumba ya mawe kwa ajili yake mwenyewe ana kila sababu ya kuwapa nyumba ya mawe wafu wake.

Turkana hiyo hiyo ina kisa kingine kinachofaa kusimuliwa, kwa sababu chahusu hatari ya kupenda jawabu kabla ya swali. Kalokol, mahali ambapo Waturkana hupaita Namoratunga, na husimulia kwamba nguzo zake ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe na pepo waliyemdhihaki, zimesimama nguzo 19. Mwaka 1978 B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota saba ambazo Waborana huzitumia katika hesabu ya miezi yao, na kwamba zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari hiyo ilipendwa sana, kwa haki, kwa kuwa iliwapa Waafrika elimu ya falaki ya kale. Lakini Robert Soper alirudi akapima upya, akaona pembe hazilingani na zile za kwanza. Maana basalti ina chuma ndani yake, na chuma huivuta sindano ya dira, hata mtu akipima karibu na nguzo, nguzo yenyewe humdanganya. Na baadaye uchunguzi wa mahali pengine penye nguzo kama hizo umeonyesha kwamba ujenzi wa namna hii ni wa kale zaidi kwa maelfu ya miaka kuliko ulivyodhaniwa. Waborana hawakupungukiwa na kitu, kwa kuwa kalenda yao ya nyota ipo na ni ya kweli. Kilichoanguka ni kamba iliyofungwa kati ya kalenda hiyo na mawe haya.

Kutoka Turkana wafugaji na mifugo yao walishuka kusini polepole, kwa muda wa miaka 1000 na zaidi, mpaka wakaingia katika malisho ya Bonde la Ufa. Huko hawakusimamisha nguzo tena. Walizika katika mapango, katika nyufa za miamba, na chini ya marundo ya mawe, na pamoja na maiti waliweka mabakuli yaliyochongwa kwa jiwe la volkano, ambayo kwa ajili yake wataalamu wa zamani waliwaita watu hao wa mabakuli ya mawe. Katika pango la mto Njoro, karibu na Nakuru, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938, walikuwamo watu wapatao 80 waliochomwa moto, na inaelekea kila mmoja alipewa bakuli lake, jiwe lake la kusagia na mchi wake. Moto ule ule uliowaunguza watu uligeuza kibuyu na chombo cha mti kuwa makaa, na makaa hayaozi, ndiyo sababu vitu vilivyokuwa havina haki ya kudumu miaka 3000 vimetufikia.

Tanzania nayo ina sehemu yake. Ndani ya shimo la Ngorongoro yapo marundo ya mawe juu ya makaburi, ambayo Wajerumani waliyafungua tangu wakati wa utawala wao, na ambayo Mary Leakey naye alikuja kuyachimba, taarifa yake ikachapwa katika Tanzania Notes and Records mwaka 1966. Humo yalipatikana mabakuli ya mawe na shanga. Miongoni mwa Wajerumani hao alikuwapo Hans Reck, na jina lake halina budi kutajwa kwa ajili ya mifupa mingine, ile aliyoiona Olduvai mwaka 1913. Mtu mzima, amekunjwa, katika udongo wa kale mno wenye mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani! Reck alisadiki kwamba mtu huyo aliishi pamoja na wanyama hao. Louis Leakey alimkatalia, kisha mwaka 1931 akafika pale pamoja naye akamkubali, na baada ya miaka michache tu wote wawili wakalazimika kuiacha imani hiyo, kwa kuwa ilibainika kwamba mtu yule alizikwa zamani za karibu katika shimo lililochimbwa mpaka ndani ya udongo wa kale. Kila kaburi ni shimo, na kila shimo hulichukua jambo la jana likalilaza ndani ya jambo la juzi. Ndiyo maana mchimbaji wa makaburi hutumia muda mwingi, kuliko mtazamaji awezavyo kuvumilia, akikwangua kwa mwiko mdogo ili aone ukingo wa shimo, mahali ambapo udongo mweusi kidogo unakutana na udongo mwekundu kidogo. Akishaukosa ukingo huo, mifupa yote na shanga zote atakazozitoa hazitamwambia wakati wake.

Katika nyanda za juu za Mbulu, mahali paitwapo Luxmanda, umechimbwa mji wa wafugaji hao wenyewe, wa miaka 3000 hivi iliyopita, ulio mkubwa kuliko maskani nyingine za wafugaji wa zama hizo zijulikanazo, na ulio kusini kuliko zote. Mifupa ya mmoja wa watu waliozikwa huko, ilipochunguzwa vinasaba vyake na matokeo kutolewa mwaka 2017, ilionyesha nasaba iliyochanganya Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Na mwaka 2019 Mary Prendergast na wenzake waliongeza habari za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, baadhi yao wakitoka katika pango la Gishimangeda karibu na ziwa Eyasi. Msomaji ambaye bado anamkumbuka Huntingford asifanye haraka ya kumrudisha kazini. Vinasaba hivyo havisemi kwamba umati ulikuja na ustaarabu mkononi. Vinasema kwamba watu wenye mifugo walishuka wakichanganyika njiani na wenyeji, mara nyingi na kwa muda mrefu, hata waliofika Mbulu walikuwa wamekuwa watu wa huku. Katika vyungu vyao yameonekana mafuta ya maziwa yaliyonywea katika udongo uliofinyangwa, ingawa katika watu wote wa wakati huo waliochunguzwa, ni mmoja tu, wa Gishimangeda, aliyeonekana kuwa na urithi wa mwili unaomwezesha mtu mzima kuyasaga maziwa mabichi tumboni pasipo taabu. Wengine bila shaka waliyagandisha kwanza.

Luxmanda ni kusini kuliko zote: neno hilo ndilo linaloturudisha Mpanda. Kutoka Mbulu kwenda Katavi hakuna bahari wala jangwa. Kuna miombo, na katika miombo kuna mbung'o. Diane Gifford-Gonzalez alipotafakari kwa nini wafugaji waliofika Turkana miaka 5000 iliyopita walichelewa kufika mbele, alidokeza kwamba kizuizi kilikuwa maradhi ya mifugo: nagana ya mbung'o, na ndigana kali iletwayo na kupe, na homa mbaya ambayo ng'ombe huipata kwa nyumbu wakati wa kuzaa kwao. Mwenye ng'ombe aliyeingia katika nchi asiyoijua aliwaona wakikonda na kufa pasipo kujua kilichowaua, akarudi, au akakaa ukingoni. Nchi ya miombo inayoanza Unyamwezi na kushuka mpaka Ukonongo, Ubende na Upimbwe ndiyo moja ya nchi za mbung'o zilizo kubwa kupita zote katika Afrika ya Mashariki, na mwaka hata mwaka hifadhi ya Katavi huendelea kuwaonyesha watalii jambo hilo kwa njia isiyowapendeza.

Walakini mwenye hekima hatatumia ramani ya mbung'o ya leo kueleza mambo ya miaka 3000 iliyopita. Wachunguzi waliopima meno ya wanyama wa kale wa Gogo Falls, karibu na ziwa Victoria, mahali palipodhaniwa kuwa kichaka cha mbung'o katika zama za wafugaji wa kwanza, walikuta kwamba wanyama wale walikula majani ya mbuga iliyo wazi, si ya kichaka. Na hapa kwetu kuna kisa cha karibu zaidi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wa Tanganyika kwa wingi usioelezeka, watu wakafa njaa, mashamba na malisho yaliyokuwa yakifyekwa na kuliwa yakageuka pori, na mbung'o wakaingia humo. Hata ilipofika miaka ya 1920 malale yalikuwa yameienea Tanganyika ya magharibi, na serikali ya Kiingereza ikawa inawahamisha watu kutoka maskani zao zilizotawanyika na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Pori ambalo mtu wa Mpanda hulidhani la tangu kuumbwa kwa dunia, katika baadhi ya sehemu lina umri wa babu yake. Na tangu miaka ya 1970 Wasukuma wameshuka na makundi yao mpaka Upimbwe, wakifyeka wanapokwenda, hata leo ng'ombe wanalisha mahali ambapo babu wa Mpimbwe, mwindaji na mkulima, hakuwafuga. Mpaka wa mbung'o husogea. Nasadiki kwamba ulikuwapo, na kwamba ndio uliozitenga nguzo na mikwaju. Sisadiki kwamba ulisimama mahali pamoja.

Wala isidhaniwe kwamba nchi isiyo na makaburi ya wafugaji ni nchi tupu kwa mchimbaji. Jirani zake wa pande zote wamekwisha kuchunguzwa kwa faida kubwa: kaskazini ipo Uvinza, ambako John Sutton na Andrew Roberts walionyesha kwamba chumvi ya chemchemi imepikwa kwa miaka ipatayo 1500, kusini ipo Kalambo, ambako Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953 na kukuta vitu vya mti vya kale kupita fikira, na Ufipa yapo malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma bila mivukuto, ambazo Bertram Mapunda amezieleza kwa mapana. Watu wa huku waliwekeza jasho lao katika chumvi na chuma, na wafu wao wakawapa misitu.

Aliye karibu zaidi na chini ya ardhi ya Mpanda si mtaalamu bali mchimbaji mdogo wa dhahabu, ambaye kwa siku moja hufukua udongo ambao mtaalamu angeufukua kwa mwaka. Na ikiwa siku moja patatokea katika nchi hii kaburi lililo chini ya mawe, liwe la mfugaji aliyethubutu kuvuka au la mtu wa zama nyingine, yumkini yeye ndiye atakayelikuta. Marundo mengi ya mawe hayana kitu: ni mawe yaliyotolewa shambani ili jembe lipite, nayo hutambulikana kwa kuwa yamerundikwa ovyo, makubwa kwa madogo, ukingoni mwa ardhi nzuri. La kaburi huwa aghalabu limeketi mahali pa kuonekana, lina duara ya mawe makubwa chini yake, na katikati limebonyea kidogo kwa sababu kilichokuwa chini yake kimeoza na udongo umeshuka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda kila jengo la kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayekusudia kuchimba awe na leseni. Lakini sheria iko Dodoma na sururu iko Mpanda, na katikati yao yupo afisa utamaduni wa wilaya, ambaye akipelekewa habari kabla jiwe la kwanza halijaondolewa anaweza kuita watu wenye mwiko mdogo. Akiitwa baada ya shanga kutiwa mfukoni na udongo kupitishwa katika karai la dhahabu, hata Mary Leakey asingeweza kumwambia ukingo wa shimo ulikuwa wapi.